Kinywa ni Jumba la Maneno

Kinywa ni jumba la maneno. Methali hii ni fupi, lakini maana yake ni pana. Kila mtu amepewa jumba lake, na kutoka humo hutoka maneno mema na mabaya, ya kweli na ya uzushi, ya kujenga na ya kubomoa. Kwa kawaida jumba la namna hii halionekani kwa macho. Walakini, huko San Jose, katika jimbo la California nchini Marekani, liko jumba la mbao ambalo mtu aweza kuliona, kuligusa na kupanda ngazi zake, na ambalo hata hivyo limejengwa kwa maneno zaidi ya lilivyojengwa kwa mbao. Ni nyumba ya Bibi Sarah Winchester, mjane aliyefariki tarehe 5 Septemba, 1922. Tangu mwaka 1923 nyumba hiyo imekuwa makumbusho ya kutembelewa na watu, na sifa yake kubwa duniani ni kwamba ina mizuka.

Mtu anunuaye tikiti ya kuingia humo hununua vitu viwili kwa fedha moja. Cha kwanza ni kuona kazi ya mikono ya mafundi. Cha pili ni kutishwa. Juu ya kitu cha kwanza hapana ubishi, kwa kuwa kazi njema hustahili kutazamwa. Ubishi uko juu ya kitu cha pili, na hapo ndipo lizukapo swali la insha hii: Je, ni haki aliye hai ajifurahishe kwa hadithi ya kutisha juu ya aliyekufa, ambaye hana tena kinywa cha kujitetea?

Kabla ya hukumu yafaa kuitazama nyumba yenyewe. Mtindo wake ni ule uitwao wa Viktoria, kwa jina la malkia aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1837 hadi mwaka 1901. Ni mtindo uliopenda paa nyingi zenye vilele, minara, nakshi za mbao, vioo vya rangi na vibaraza virefu. Bibi Winchester alipoinunua mwaka 1886, ilikuwa nyumba ya shamba yenye vyumba vinane tu katika bonde la Santa Clara, nchi ya miti ya matunda. Alipokufa ilikuwa na vyumba vipatavyo 160. Makumbusho huhesabu milango 2,000, vioo vya madirisha 10,000, ngazi 47 na majiko sita. Ukiona vyaelea vimeundwa. Nyumba kama hii haikuota kama uyoga, bali ilipigiliwa msumari mmoja baada ya mwingine na maseremala waliolipwa ujira wao.

Mgeni apitaye humo hukutana na mambo yamshangazayo. Iko ngazi ipandayo mpaka darini ikakoma hapo, bila mlango wala tundu. Uko mlango wa orofa ya juu ufunguliwao nje penye hewa tupu, na mtu atokaye bila kutazama angeanguka chini. Yako madirisha yatazamayo ndani ya vyumba vingine badala ya kutazama bustani. Iko ngazi yenye vidato 44 ipindayo mara saba, nayo baada ya mizunguko yote hiyo humfikisha mtu kimo cha futi tisa hivi. Mtu akitembea humo jioni, taa zikiwa hafifu na mbao zikilia chini ya nyayo, si ajabu moyo wake ukimwenda mbio. Hata mtu hodari hutazama nyuma.

Hadithi iliyoenea hutoa sababu ya mambo hayo yote. Husemwa kwamba mume wa bibi huyu, William Wirt Winchester, alikuwa mrithi wa kiwanda kikubwa cha bunduki. Kwamba alipokufa, mjane alimwendea mpiga ramli, akaambiwa kuwa roho za wote waliouawa kwa bunduki za Winchester zinamfuata. Kwamba dawa yake ni moja tu, kujenga nyumba ya kuzistarehesha roho hizo, na kwamba siku nyundo zitakaponyamaza ndiyo siku atakayokufa. Basi, husemwa, alijenga usiku na mchana kwa miaka 38, na zile ngazi na milango isiyofika popote aliiweka makusudi ili mizuka ipotee njia. Ni hadithi nzuri kwa masikio. Ina mwanzo, kati na mwisho. Ina kosa, adhabu na khofu. Yakosa kitu kimoja tu, nacho ni ushahidi.

Yajulikanayo juu ya bibi huyu ni machache, lakini yanatosha kumrudishia ubinadamu wake. Alizaliwa na kukulia New Haven, katika jimbo la Connecticut, akaolewa mwaka 1862. Mwaka 1866 alizaa mtoto wa kike, naye mtoto akafa akiwa na umri wa yapata siku arobaini. Hakupata mwingine. Katika muda mfupi kati ya mwaka 1880 na mwaka 1881 alifiwa na mama yake mzazi, na baba mkwe wake, na mumewe, ambaye aliuawa na kifua kikuu. Mtu aliyezika namna hiyo hahitaji mizuka ya wageni. Wafu wake mwenyewe wanamtosha. Alihamia California penye hali ya hewa njema, karibu na ndugu zake, akanunua shamba, akaanza kujenga.

Mwanahistoria Mary Jo Ignoffo, katika kitabu juu ya maisha ya bibi huyu kilichotoka mwaka 2010, aliziendea barua na hati badala ya uvumi, na uvumi ukapungua kimo. Nyundo hazikulia usiku na mchana: barua za Bibi Winchester zaonyesha kwamba mara nyingine aliwaachisha kazi mafundi wote ili apate kupumzika. Zile ngazi za vidato vifupi si mtego wa mizuka. Mwenye nyumba alikuwa mgonjwa wa baridi yabisi, na miguu yake haikuweza kuinuka zaidi ya inchi chache. Na mlango ufunguliwao hewani una historia yake. Tarehe 18 Aprili, 1906, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga nchi ile. Mnara wa nyumba uliokuwa na orofa saba ulianguka, pamoja na sehemu nyingine za juu. Mwenyewe hakuzijenga upya. Vifusi viliondolewa, palipovunjika pakazibwa, na ngazi zilizokuwa zikienda mahali zikabaki haziendi popote. Kilichodhaniwa kuwa wazimu wa mwanamke kilikuwa kovu la ardhi.

Hapa hukumbukwa methali nyingine: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wengi huitumia methali hii kama ushahidi, kana kwamba wingi wa vinywa hugeuza uvumi kuwa kweli. Nyumba ya San Jose yaonyesha maana yake nyingine iliyo ya hatari zaidi. Lisemwalo huja kwa sababu wasemaji huliita, kisha huliandalia mahali. Magazeti yalianza kunong'ona juu ya mjane huyu tangu miaka ya 1890, naye angali hai. Alipokufa, samani zake zilitolewa zikauzwa, na nyumba ikakodishwa kwa mtu aliyeijua biashara ya viwanja vya burudani. Haukupita mwaka, milango ikafunguliwa kwa watazamaji, na mwaka 1924 Harry Houdini, yule bingwa wa mazingaombwe, akafika kuitazama. Vyombo vingi avionavyo mgeni leo katika vyumba vile si vya Bibi Winchester. Vililetwa baadaye ili vyumba visiwe vitupu. Mizuka nayo yafanana na vyombo hivyo. Nyumba ilikuwa tupu, ikapambwa.

Hata hivyo, mwenye kuhukumu kwa haki humsikiliza mshtakiwa, na hadithi hii inao watetezi wenye hoja za maana. Hoja ya kwanza yasema kwamba hadithi ndiyo iliyoiponya nyumba. Ilipokaguliwa baada ya kifo cha mwenyewe, ilionekana haina thamani kubwa, kwa kuwa ilikuwa imeharibiwa na tetemeko na haikukamilika. Nyumba nyingi nzuri za zama zile zilibomolewa, wala hapana aliyezililia. Hii ilisimama, na mwaka 1974 iliandikwa katika daftari la taifa la mahali pa kihistoria, kwa sababu watu walitaka kuiona; na walitaka kuiona kwa sababu waliambiwa ina mizuka. Hoja ya pili yasema kwamba khofu ya mchezo haina dhara: mtu hulipa, hutetemeka, hucheka, hurudi kwake. Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Yasema kwamba ndani ya hadithi hii ya uongo imo dhamiri ya kweli. Watu waliona bunduki zikiua, wakaona mali zikipatikana kwa bunduki, na nyoyo zao zikawaambia kwamba haiwezekani damu nyingi hivyo ipite bila mtu wa kuulizwa. Mzuka ni jina walilolipa swali hilo.

Hoja ya kwanza haikataliki, lakini ina bei yake, na bei hiyo haikulipwa na wale waliofaidika. Nyumba iliokolewa, na jina la mwenyewe likauzwa ili kuiokoa. Mwanamke aliyetoa zaidi ya dola milioni moja kujenga hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu katika Connecticut, kwa ukumbusho wa mumewe, hajulikani kwa hospitali. Hujulikana kwa wazimu ambao hapana hati iliyouthibitisha. Hoja ya pili husahau kwamba mchezo una wachezaji wawili, na mmoja wao hakuulizwa kama yu radhi. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Na aliyekufa, hata tusi likiwa tamu kwa wasikilizaji, hana njia ya kulirudisha kwa mwenyewe.

Hoja ya tatu yahitaji jibu pana, maana imegusa ukweli. Ni kweli kwamba pana damu. Oliver Winchester, mkwewe bibi huyu, alikuwa mshonesha mashati kabla hajaingia katika biashara ya silaha. Kampuni yake ya bunduki ilipata jina la Winchester mwaka 1866, mwaka ule ule alipokufa mjukuu wake mchanga. Bunduki ya aina ya mwaka 1873 peke yake ilitengenezwa zaidi ya mara 700,000, nayo husifiwa kuwa ndiyo iliyoishinda nchi ya Magharibi ya Marekani. Sifa hiyo haisemi ilishindwa kutoka mikononi mwa nani. Watu wa asili wa nchi ile waliokuwa wakinyang'anywa ardhi waliuawa kwa silaha za namna nyingi, na wao pia walizitumia bunduki za kukariri risasi walipozipata, kama mwaka 1876 kwenye vita vya Little Bighorn. Wala bunduki hizo hazikuishia Marekani. Mwezi Februari mwaka 1887, mwaka mmoja baada ya mjane kununua shamba lake, Henry Morton Stanley alifika Unguja kuandaa msafara wa kumwendea Emin Pasha. Katika silaha zake zilikuwamo bunduki 50 za Winchester. Watu wa Unguja wapatao 600 waliandikwa wawe wapagazi na askari wake, wakazungushwa kwa meli mpaka mlango wa mto Congo, wakaingia msitu wa Ituri, kwenye njaa, homa na vita na wenyeji. Wengi wao hawakurejea kwao.

Basi kama wafu wa bunduki wangekuwa na desturi ya kumfuata mtu, wangeanza na nani? Aliyezibuni? Aliyezitengeneza? Aliyezinunua? Aliyezielekeza? Serikali zilizoitwaa ardhi baada ya moshi kutawanyika? Wenye hisa wote waliogawana faida? Hadithi haikuuliza maswali hayo. Iliwaruka wote, ikamwendea mwanamke mmoja, mjane, mgonjwa, asiye na mtoto, ambaye hakupata kuunda wala kuelekeza bunduki yoyote. Hapana budi kukiri kwamba mkate wake ulitoka huko. Alikuwa na hisa katika kampuni, na faida ya hisa hizo ndiyo iliyolipa mbao, vioo na ujira. Mwenye kula tunda hawezi kusema kwamba hana habari na mti. Lakini aliokuwa akila nao ni wengi, na hapana makumbusho yaliyojengwa ili watu wakatetemeke katika nyumba zao.

Kwa nini alichaguliwa yeye? Sababu yapatikana katika tabia ya binadamu kuliko katika nyumba. Mjane huyu alikuwa tajiri, akaishi bila mume, akajichorea mwenyewe ramani za nyumba yake, wala hakuwaeleza majirani kwa nini. Mwanamume tajiri akijenga jumba kubwa kupita kiasi huambiwa ana fahari. Mwanamke akifanya hivyo huambiwa ana mashetani. Mambo haya si ya California peke yake. Katika nchi nyingi ajuza aishiye peke yake, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni, huweza kuamka asubuhi akakuta kijiji kizima kimekwisha kukubaliana kwamba yeye ni mchawi. Hapo hapana tena mchezo wa khofu wala tikiti. Uvumi uliomvunjia Bibi Winchester jina, mahali pengine huvunja mlango na shingo. Tofauti ni ya kipimo, si ya asili. Chimbuko ni lile lile: watu wana deni kubwa au msiba wasioweza kuueleza, nao hutafuta mtu mmoja asiye na mtetezi ili wamtwike.

Hapa ndipo kosa la hadithi ya mizuka linapoonekana wazi. Si kosa kwa sababu imetia khofu, maana khofu nyingine ni mwalimu. Ni kosa kwa sababu imemkosea mtu wa kuogopeshwa. Dhamiri iliamka, ikauliza swali jema, kisha ikapewa jibu la kuilaza tena. Mgeni huingia akiambiwa kwamba waliouawa wanadai. Hutoka akiwa ameridhika kwamba mdaiwa alikuwa mwingine, amekwisha kulipa kwa miaka 38 ya nyundo, na amekwisha kufa. Deni limefungwa katika vyumba 160, na ufunguo umebaki mlangoni penye kuuziwa tikiti. Yeye mgeni hadaiwi kitu. Kumbe huenda amelala maisha yake yote juu ya ardhi iliyopatikana kwa bunduki ile ile.

Je, nyumba kama hiyo isitembelewe? La. Kuifunga hakumrudishii mjane jina lake, wala hakuwahesabu waliokufa. Yafaa itembelewe, lakini kwa adabu ya mtu aingiaye nyumba ya watu mwenyewe hayupo. Mgeni wa namna hiyo hapekui, hasengenyi, wala hasemi chumba hiki ni cha kichaa kwa kuwa hakielewi. Akifika kwenye ngazi yenye vidato vifupi, na akumbuke miguu iliyouma. Akifika kwenye mlango wa hewani, na akumbuke asubuhi ya Aprili ardhi ilipotikisika. Akitaka kuogopa, na aogope kwa haki: awaogopee waliouawa, ambao idadi yao haikuandikwa kwenye ukuta wowote wa nyumba ile, kisha ajiulize ni faida gani katika maisha yake imetoka katika madhara ya mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naye Bibi Winchester alikilalia kitanda cha msiba kwa miaka zaidi ya arobaini, pasipo kumwita mtu yeyote kuja kumtazama kwa fedha.

Watu hudai haki kwa walio hai kwa sababu walio hai waweza kushtaki. Haki kwa wafu ni kipimo kikali zaidi cha uadilifu, maana hapana wa kumlazimisha mtu kuitimiza. Mtu asemaye kweli juu ya marehemu asiye na ndugu wa kumtetea, husema kweli kwa ajili ya kweli tu. Nyumba ya San Jose ina mlango mmoja ufunguliwao mahali pasipo na sakafu, na wageni huucheka. Kinywa kisemacho juu ya wafu bila kujua ni mlango wa namna ile ile: hufunguliwa kwa urahisi, na nje yake hapana pa kukanyaga.